Jiwe Lililoandikwa Leo

Nianze nisianze?

"Anza, Bibi!"

Basi sogeeni, na mikono iendelee kuambua maharage, maana masikio peke yake hayaambui kitu. Nawarudisha nyuma, nyuma ya bibi yangu na bibi yake, enzi ambazo milima hii ya Upare ilikuwa na kanisa moja la nyasi na mchungaji mmoja Mzungu, ambaye Kiswahili bado alikuwa anakitafuna kama nyama ya beberu. Na wewe Eliamini umeniuliza yule bwana Leo aliyezikwa karibu na kaburi la Kirumbe ni nani. Bwana Leo! Nicheke au nilie? Sikilizeni.

Palikuwa na mama, jina lake Namkunda. Mumewe, Kirumbe, alibatizwa, akafa, akazikwa kwenye makaburi ya kanisa. Namkunda akabaki na matambiko ya baba zake. Miaka ikaenda, ikaenda. Akazeeka, akaugua, na katika kuugua kule moyo wake ukageuka. Akamwambia binti yake Nakijwa, "Mwanangu, namtaka Bwana aliyemchukua baba yako. Niitie mchungaji anibatize, nikalale karibu na baba yako."

Na siku hizo wazee wa kanisa walikuwa wakali, wajukuu zangu. Asiyebatizwa hakulazwa mle makaburini.

Nakijwa akapanda mlima, akashuka mlima, akamkuta mchungaji. Mchungaji akamwambia, "Kesho saa tatu nitakuja."

Kulipokucha wakamwogesha mgonjwa, wakamvika shuka jipya, wakateka maji ya chemchemi wakayatia kwenye beseni. Saa tatu ikafika. Namkunda akauliza, "Amefika?"

"Bado, mama."

Jua likapanda. "Amefika?"

"Bado, mama."

Jua likasimama utosini. "Amefika?" Nakijwa akatoka nje kutazama njia. Aliporudi, mama yake hakuwa na swali tena.

Msinitazame hivyo. Ambueni.

Jua lilipoanza kuinama, mchungaji huyo! Anahema, anatabasamu, saa yake ya mnyororo iko mkononi. "Bwana asifiwe! Nimefika saa tatu kamili!"

Kosa mnaliona? Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Kwao wanaanza usiku wa manane, halafu wanaanza upya adhuhuri. Saa tatu yake ilikuwa saa tisa yetu. Yeye hakusema uongo, wao hawakusikia vibaya, na mama wa watu amekufa akingoja. Inauma mpaka leo.

Mzee wa kanisa, Mshana, akakohoa. "Poleni sana, wafiwa. Lakini mama amekufa bila maji. Azikwe huko migombani."

Nakijwa akasimama. Hakupiga kelele. "Mchungaji, wewe una saa yako, na sisi tuna yetu. Mungu anatumia ya nani?"

Mchungaji akaitazama ile saa, machozi yakamlengalenga. Akaifunga, akaitia mfukoni.

"Binti yangu, hatumii ya mtu. Saa ameziumba yeye, haziwezi kumfunga. Sisi tuna jana na kesho kwa sababu tunapita. Yeye hapiti. Asubuhi ile mama aliponingoja, na sasa hivi ninaposimama hapa na aibu yangu, vyote viko mbele yake. Kwake ni leo."

"Kwa hiyo mama alipouliza kama amefika..."

"Bwana aliyemtaka alikuwa amefika. Aliyechelewa ni mimi."

Mshana akang'ang'ana, "Na maji, mchungaji? Maji hayakumgusa!"

"Mzee Mshana, nikimwomba Mungu sasa ampokee mama huyu kwa ile asubuhi aliyokuwa ananingoja, utaniambia kwamba kwake nimechelewa?"

Mshana akaenda kutafuta jembe, na ndiye aliyepiga pigo la kwanza, pale pale karibu na Kirumbe.

Walipomaliza kufukia, Nakijwa akaleta lile beseni, akayamimina maji juu ya udongo polepole, mpaka beseni likakauka. Mchungaji akachonga jiwe kwa mkono wake. Wengine huandikwa mwaka wa kuzaliwa na siku ya kufa. Yeye aliandika neno moja tu: LEO.

Kwa hiyo si bwana, Eliamini. Ni bibi yenu wa zamani, na kesho mtakwenda kumpalilia.

Mtu akiwaambia Mungu amechelewa, mwulizeni, kwa saa ya nani? Nami nawausia. Siku yangu ikifika, nikiwauliza kama amefika, asithubutu mtu kunijibu "bado".

Maharage yameisha, na kisa kimeisha. Punje bebeni, maganda niachieni mimi.