Neno Alilosema Baba Baada ya Mazishi

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza kule Tukuyu. Huyu mzee alipenda maneno ya kale, yale ambayo Waingereza wenyewe wameshayaacha. Jambo likimuuma hakulia, wala hakufoka. Alitamka neno moja la zamani, basi, akanyamaza.

Siku moja binti yake, Tusekile, alimpakia mama yake kwenye pikipiki kumpeleka kliniki. Mvua ilikuwa imenyesha. Wakateleza kwenye kona. Binti aliinuka na michubuko. Mama hakuinuka.

Baada ya mazishi Tusekile akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, niambie tu. Moyoni mwako kuna nini juu yangu?"

Mzee akamtazama. Akatamka neno moja la Kiingereza, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Binti akalitafuta kwenye simu. Jibu likaja: neno la kale, maana yake hasira. Hakusoma zaidi. Wewe ungesoma zaidi?

Siku ile ile akakimbilia Chunya. Miaka minne! Akisikia sokoni mtu anaongea kwa lafudhi ya kwao, anajificha nyuma ya magunia. Baba yake mdogo akampigia: "Tuse, baba anaumwa sana. Anakuita."

"Ananiita anilaani," akajibu huku anatetemeka. "Siji."

Alikuja kuzika. Pale msibani akamkuta mzee mmoja aliyefundisha na baba yake, akamnong'oneza lile neno.

"Ah, hilo," mzee akasema. "Zamani lilikuwa na maana mbili. Hasira, na huzuni kubwa."

"Baba alimaanisha ipi?"

"Mwanangu, hilo ungemuuliza yeye."

Ndugu zangu, mimi naogopa. Naogopa kwa sababu ya nyumba zetu sisi. Baba ana huzuni, kinachomtoka mdomoni ni ukali. Mtoto anausikia ukali, anahama. Na Mungu je? Si tunamkimbia hivyo hivyo, tumesikia nusu ya alichosema tukatoka mbio?

Mzazi, kama ni huzuni, sema ni huzuni, kwa lugha anayoielewa mwanao. Na wewe unayejificha, uliza. Tetemeka, lakini uliza. Kama mtu wako bado anapumua, usinisubiri mimi nimalize kuhubiri. Mlango ule pale. Toka sasa hivi, kampigie.