Picha Iliyozungukwa na Chokaa

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba ya sanaa katika mtaa wa mafundi. Ilikuwa nyumba ndogo, chumba kimoja chenye mlango wa bluu, kati ya wachomelea mageti na wachora vibao vya maduka. Aliitwa Bi Mwasiti. Hakubagua watu, aliyekuja na picha alipewa nyundo na msumari, akaonyeshwa mahali. Lakini nyumba ilikuwa na desturi yake. Kila mwezi ulipoandama, picha zote zilishushwa, ukuta ukapakwa chokaa, kisha zikatundikwa nyingine. Na mkono uliotundika ndio ulioshusha, maana Bi Mwasiti hakugusa kazi ya mtu.

Akaja mchoraji jina lake Ndimbo. Alileta picha ya mwanamke akipepeta mchele mlangoni, makapi yakiruka juani. Ilikuwa picha nzuri, nami sitasema vinginevyo. Watu walisimama mbele yake wakasahau walikokuwa wakienda. Mchomelea mageti aliuzima moto wake akaja kuitazama. Ndimbo hakuwa amesifiwa na mtu tangu azaliwe. Alilia kwa furaha, na ilikuwa haki yake kulia.

Mwezi ukaandama. Wenzake wakashusha picha zao, Ndimbo hakushusha. Alisema moyoni, nikiitoa hii, nitakuwa nani? Bi Mwasiti akachukua brashi, akapaka chokaa kuizunguka. Mwezi uliofuata akaizunguka tena, na mwingine tena, hata chokaa ikanenepa pembeni mwa fremu. Kila asubuhi Ndimbo alikuja na kigoda, akakaa mbele ya picha yake kungoja mtu aseme neno. Nyumbani rangi zilimkaukia makoponi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakutia maji. Aliacha kugema kabisa.

Watu waliendelea kuja, wakatazama kazi mpya, wakaipita ya Ndimbo kama wanavyoipita nguzo ya umeme. Siku moja mama mmoja alisimama mbele yake kwa muda mrefu, na moyo wa Ndimbo ukaruka. Kumbe mama alikuwa anafunga kanga vizuri, mtoto asianguke kutoka mgongoni. Alipomaliza akasogea kwenye picha ya jirani. Ndimbo aliumia sana. Alimgeukia Bi Mwasiti, aliyekuwa anakoroga chokaa kwenye ndoo, akamwuliza kama watu wa mtaa ule wamekuwa vipofu.

Bi Mwasiti hakuacha kukoroga. Alimjibu, "Macho yao hayana kasoro, mwanangu. Ukuta huu wote nimeufanya mpya mara nyingi. Ni hapo tu unapopalinda wewe ndipo sijapafikia."

Ndimbo akainuka, akaishusha picha kwa mikono yake mwenyewe. Nyuma yake palikuwa na utando wa buibui, vumbi, na rangi ya kale iliyobabuka. Aliona aibu, lakini aibu ile haikupata nafasi ya kukaa, kwa sababu Bi Mwasiti alikuwa tayari amemshikisha brashi. Akapapaka pale mahali yeye mwenyewe, pakawa peupe kama kwingine.

Picha alimpa muuza chapati wa jirani, akaitundika juu ya meza ya unga, na huko walaji wakaanza kuipenda upya. Ndimbo alirudi nyumbani akaosha brashi zake. Zilizokataa kulainika akazitupa. Mwezi ulipoandama tena alikuja na picha ndogo, ambayo kusema kweli haikuifikia ile ya kwanza. Aliitundika, ikatazamwa, na siku yake ilipofika akaishusha huku anapiga mluzi. Tangu hapo hakukosa kazi mpya, wala hakukosa usingizi.

Ndugu zangu, Mwenye nyumba yetu naye hupita na ndoo yake, wala hamshushii mtu picha kwa nguvu. Wewe umeweka kigoda mbele ya ipi?