Jogoo wa Mgonga Nguzo

Mgonga nguzo hula jogoo. Mchwa hula nyumba.

Maneno haya mmeyasikia leo asubuhi, wakati kijana wetu anayetaka kununua nyumba kule mjini alipolalamika kwamba fundi wa kuikagua anadai ujira mkubwa kwa kazi ya nusu siku. Bibi yake hakubishana naye. Alimjibu kwa methali hiyo, akaendelea kupepeta mchele. Nanyi mkacheka, kisha mkauliza huyo mgonga nguzo alikuwa nani, na jogoo alikosa nini. Sikilizeni basi, maana methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kwebamba, chini ya milima ya Usambara, ilikuwapo sheria ambayo hata mtoto aliijua: nyumba hainunuliwi kabla haijagongwa. Nchi ile ni ya unyevu. Mawingu yatokayo baharini hukwama milimani yakamwaga maji yao papo hapo. Chumvi huyeyuka ndani ya kibuyu, nguo huota ukungu sandukuni, na udongo haukauki mwaka mzima. Nguzo iliyochimbiwa katika udongo kama huo huliwa kutoka chini na kutoka ndani, huku ngozi yake ikibaki nzima kama ya mtu mwenye afya. Kwa hiyo mnunuzi alimwita mgonga nguzo, naye akapita nguzo kwa nguzo, akiigonga kila moja kwa rungu na kuichoma chini kwa msumari mrefu. Ujira wake ulikuwa jogoo mmoja, na mlipaji alikuwa mnunuzi. Nyumba iliyogongwa na kuonekana nzima ikianguka kabla ya mwaka kwisha, muuzaji alirudisha mali yote. Nyumba isiyogongwa ikianguka, hasara ilikuwa ya mnunuzi, na juu ya hasara hiyo alitozwa yule yule jogoo, kwa kuidharau sheria.

Mgonga nguzo wa siku zile aliitwa Semhando, mtu mnene, mwingi wa maneno. Watu walimtania kwamba Kwebamba huchelewa kuamka kwa sababu yeye amekwisha kuwala majogoo wote.

Katika kijiji hicho alirudi Natanaeli Kilua, aliyekuwa amekata mkonge miaka mingi katika mashamba ya mbali. Hakurudi kwa ajili ya nafsi yake. Mama yake, Eseri, alikuwa mjane, naye alilala katika pembe ya jiko la shemeji yake, kati ya kuni na mbuzi. Natanaeli alikuwa amejiapiza kwamba masika yale hayatamkuta mama yake katika moshi wa watu. Akiba yake yote ilitosha nyumba moja, si zaidi. Na nyumba ilikuwapo: mjomba wake Mbelwa, kaka yake Eseri, alikuwa anahamia Pangani kwa mwanawe, akaiuza yake. Kuta zilikuwa zimekandikwa upya na kupakwa chokaa nyeupe.

Eseri alimwuliza mwanawe, "Umemwita Semhando?"

"Mama, nyumba ni ya mjomba."

"Najua ni ya nani. Nimeuliza kama umemwita Semhando."

"Nikimpeleka kugonga nguzo za mjomba, nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya kijiji kizima. Ndiye aliyenishika mkono siku ya ubatizo wangu."

"Kaka yangu ni kaka yangu, na nguzo ni nguzo," alisema Eseri. "Hazikuzaliwa tumbo moja nasi."

Aibu ile ya Natanaeli ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa peke yake. Alikuwa na jogoo mmoja tu, mwekundu, aliyemleta kutoka mkongeni, na moyo ulimwuma kumtoa kwa mtu wa kuja na rungu na kuondoka kabla jua halijapanda. Basi siku ya kukabidhiana nyumba jogoo yule alichinjwa kwa heshima ya mjomba. Mbelwa akala paja, akaibariki nyumba, akaenda zake Pangani. Semhando alipopita barabarani alinusa mchuzi, akasema, "Leo kuna mtu amenilia mshahara wangu," nao wakacheka wote.

Masika yakaingia kwa nguvu. Wiki ya kwanza, mlango ulikataa kufungika. Natanaeli aliupiga randa, akasema ni mbao imevimba kwa unyevu. Siku chache baadaye ukakataa tena, naye akaupiga randa tena. Mama yake aliona udongo mwembamba umepanda juu ya nguzo ya kati, mfano wa mshipa mkononi, akamwonyesha. Natanaeli akaufuta kwa kitambaa na kupaka chokaa mahali pale. Alikuwa amekwisha kuinunua nyumba ile, na mtu hapendi kukiuliza maswali kitu alichokwisha kukinunua.

Adhuhuri moja Eseri alitoka kuziingiza kuni zisilowe. Nyuma yake nguzo ya kati ilivunjika pasipo kishindo kikubwa. Paa likaketi juu ya kitanda chake, na ukuta wa mbele ukalala uani kwenye matope. Natanaeli alikuja mbio kutoka shamba, akamkuta mama yake amesimama mvuani na kuni mikononi, hana jeraha. Aliinyanyua ile nguzo. Ilikuwa nyepesi kama bua la mahindi. Nje ilikuwa mti na chokaa. Ndani ilikuwa udongo na mchwa.

Kesi ilipelekwa barazani, na Mbelwa akaja kutoka Pangani bila kujificha. Jumbe Shekivuli alimtaka aseme kwanza.

"Nilikandika, nikapaka chokaa," alisema Mbelwa. "Kila auzaye hupamba. Mlango ulikuwa wazi. Angekuja mgonga nguzo, ningempisha."

Jumbe akamgeukia Natanaeli. "Nyumba iligongwa?"

"Haikugongwa."

"Sheria ulikuwa huijui?"

"Nilikuwa naijua, Jumbe. Nilimwonea haya mjomba." Kisha akasema, "Naomba nimwulize neno moja tu. Mjomba, ulijua?"

Mbelwa alitazama mikono yake. "Nguzo moja niliijua, mpwa wangu. Zile nyingine sikutaka kuzijua."

Watu wakanong'ona. Mmoja akapaza sauti kwamba basi Mbelwa arudishe mali, japo nusu. Jumbe alikataa. "Sheria hii tuliiweka kwa sababu watu wote hupaka chokaa," alisema. "Tukiilegeza kwa ajili ya ujomba, kesho tutailegeza kwa ajili ya ujirani, na keshokutwa hakuna nyumba itakayogongwa. Hasara ni ya mnunuzi. Na jogoo wa Semhando atalipwa."

Eseri aliinuka, akamwendea kaka yake. Hakumtukana. Alisema, "Kaka, karibu kwangu, siku nitakapokuwa na kwangu." Mbelwa aliondoka jioni ile ile, wala hakuna aliyemsindikiza.

Eseri akarudi katika pembe ya jiko la shemeji yake, na Natanaeli akarudi mkongeni. Rafiki zake walimshauri ahamie huko kabisa, asionekane tena Kwebamba. Wengine walisema amwombe Semhando amsamehe jogoo, kwa kuwa mtu aliyepoteza nyumba amekwisha kuadhibiwa vya kutosha. Aliwajibu kwamba nyumba aliipoteza kwa mchwa, lakini jogoo anadaiwa na sheria, na hayo ni mambo mawili. Alikata mkonge mpaka viganja vikawa kama magome. Hakununua shati, hakunywa pombe, wala hakukopa. Masika mengine yalipita juu ya mama yake, na Natanaeli alijua kila usiku ni nani aliyemlaza pale.

Kiangazi kilichofuata alirudi na boriti za mikoko juu ya gari la ng'ombe, na kikapuni jogoo mkubwa mweupe. Boriti alizishusha kwenye magofu ya nyumba. Lakini kabla hajachimba hata shimo moja alikwenda mpaka kwa Semhando, mama yake akimfuata, akamweka jogoo mbele yake.

Semhando alimpima jogoo kwa mkono, akaridhika. "Huyu anapita yule mliyenilia," alisema. "Keti, Natanaeli. Nitamchinja sasa hivi, nawe ule kipande."

"Hapana, mzee. Si wangu."

Jirani mmoja aliyekuwa akipita alisimama kutazama. "Jogoo mzima," alisema, "na huyu hakugonga hata nguzo moja. Mnamlipa kwa kulala?"

Natanaeli alikuwa amekwisha kuchukua sururu yake, akielekea kwenye magofu. Aliyejibu ni Eseri.

"Pita tu, ndugu yangu, mwache ale," alisema. "Mgonga nguzo hula jogoo, mchwa hula nyumba."