Kapu la Nyenje Lisilojaa

"Ngano hiyo, inakuja!"
"Iache ije!"
"Yaja na nini?"
"Yaja na wimbo!"

Basi kaeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Palikuwa na Kiboko, mwenye uwanja wa ngoma kando ya mto. Sheria ilikuwa yake: kila mtunzi aweke kapu mlangoni pa nyumba yake, na kila wimbo ukikamilika atie kokwa moja ya embe. Kokwa zikitimia kumi na mbili, Kiboko hulibeba kapu, na nyimbo zote huimbwa uwanjani kwa jina lake Kiboko. Mbele ya wanyama wote aliapa, "Mimi si mnyang'anyi. Kapu pungufu siligusi."

Chura alilijaza lake. Sasa watoto wake mwenyewe huziimba nyimbo zile na kumshukuru Kiboko, naye Chura hukaa topeni, kimya.

Nyenje, mdudu wa kuenea ndani ya ganda la karanga, alikuwa na kokwa kumi na moja. Wimbo wa kumi na mbili alimtungia mama yake, waliyemzika kiangazi kile. Aliogopa sana. Jina la mama likifutwa humo likawekwa la Kiboko, mama atakuwa amekufa mara mbili.

Asubuhi akaenda kisimani. Nyiii, nyiii, akaimba. Swala akatua mtungi, akalia.

"Umeutunga wewe, mwanangu?"

"Mimi, shangazi. Ni wa mama. Shika kokwa yake, uwe shahidi wangu."

Ndi! Ndi! Ndi! Kiboko huyo mlangoni.

"Kapu limejaa?"

"Bado, mzee. Imepungua moja."

Akatunga mwingine. Ungali moto akaupeleka shambani, kokwa akampa Kima. Ndi! Ndi! Ndi!

"Limejaa?"

"Bado, mzee."

Akatunga mwingine, akauimba kilioni kwa Kobe, kokwa akamwachia. Ndi! Ndi! Ndi!

"Bado, mzee."

Uchu ukamshinda Kiboko. Siku ya ngoma akasimama uwanjani, akauanza wimbo wa mama yule, aliousikia ukiimbwa kisimani, na kuuita wake. Swala akainuka na kokwa mkononi.

"Samahani, mzee. Huo ni wa Nyenje, na kapu lake halijajaa. Kile kiapo umekitengua?"

Kima akainua kokwa yake. Kobe naye akainua. Kiboko akaziangalia kokwa zile tatu. Akageuka, chubwi, akaingia mtoni. Swala akauanza wimbo upya, akalitaja jina la marehemu, na wote wakaitikia. Nyenje alilia mpaka akashindwa kuimba.

Ngano yangu imefika. Ikiwafaa ichukueni, isipowafaa nirudishieni.

Na funzo lake, wanangu: haraka haina baraka. Ukiwa na wimbo, usiutoe peke yake. Uweke, uweke na mwingine, mpaka kapu lijae. Yuko mzee mtoni, ametoa masikio juu ya maji, anakuombea ulijaze.