Chiriku na Tawi la Popo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, sauti gani hiyo, kama mmelishwa uji wa baridi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Sogeeni. Wakubwa nanyi sogeeni, maana hii inawahusu.

Hapo zamani za kale, wanyama na ndege walikuwa na baraza moja, kando ya bwawa. Jumbe wao Nyati. Mwongoza dua wao Korongo. Na mchekeshaji wao Chiriku, kidege kidogo hivi, lakini maneno yake hayaishi. Chiri-chiri-chiri, kutwa!

Chiriku na Korongo walikuwa watani tangu enzi za mababu. Utani mnaujua? Mtani wako akikusema, hununi. Unangoja zamu yako, nawe unamsema. Na siku ya msiba kwako, mtani ndiye anayefika wa kwanza. Anateka maji, anafagia uwanja, anakaa mpaka watu watawanyike. Ndiyo sheria yake.

Basi Korongo alikuwa na mtindo wake. Akiongoza dua ya mvua, husimama bwawani kwa mguu mmoja, macho kafumba, shingo kaikunja, mcha Mungu kwelikweli! "Ee Muumba, tupe mvua." Wote: "Amina!" Chubwi! Chura mmoja hayupo. "Ee Muumba, tupe mavuno." "Amina!" Chubwi! Chura wa pili hayupo.

Chiriku akaliona hilo. Akapanda juu ya tete, akasimama mguu mmoja, akafumba macho, akakaza sauti: "Ee Muumba, tupe mvua, na vyura wanene. Amina! Chubwi!"

Baraza likavunjika mbavu. Vyura walicheka mpaka wakalia. Korongo akameza hasira. Atafanyaje? Mtani wake huyo! Tangu siku ile akawa anaomba macho wazi, huku kila mtu anamtazama mdomo, na vyura wakapumua.

Chiriku akavimba kichwa. Kila jioni wanamwita, "Chiriku, tuchekeshe!" Jioni moja mzaha ukamwishia. Akaangaza huku, akaangaza kule. Akawaona popo.

Popo walikuwa wachache, wanakaa kwenye mkuyu mmoja, kando kabisa. Barazani hawakuwa na tawi. Ndege walisema, "Hao wana meno, wakakae na wanyama." Wanyama wakasema, "Hao wana mabawa, wakakae na ndege." Basi wakakaa zao mkuyuni, na kila jua likizama waliomba kwa desturi yao, kichwa chini, miguu juu.

Chiriku akajining'iniza kichwa chini. "Ee Muumba, pokea dua yangu, na samahani kwa harufu ya miguu!"

Kwa-kwa-kwa! Baraza likacheka. Ngedere ndio waliocheka kuliko wote. Chiriku akaenda kulala, roho kunjufu.

Kesho yake jioni akasikia kelele mkuyuni. Akaruka kwenda kuona. Lahaula! Ngedere wameuzunguka mti, wanatupa makuyu mabichi. Pu! Pa! Pu! Na wanaimba: "Samahani kwa harufu ya miguu! Samahani kwa harufu ya miguu!" Mtoto wa popo yuko chini, bawa limechanika. Mama yake, Bi Popo, kamfunika kwa mwili wake, anapigwa yeye.

"Acheni!" Chiriku akapiga kelele.

"Tuache nini?" ngedere mmoja akamjibu. "Si maneno yako haya? Sisi tunaimba tu."

Chiriku akafungua mdomo. Chiriku, jamani, kakosa la kusema! Aliona aibu mpaka manyoya yakamsimama.

Asubuhi Jumbe Nyati akaita baraza. Korongo akasimama wa kwanza, safari hii kwa miguu yote miwili.

"Mnaona? Huyu anachezea ibada za watu! Nawahurumia mno hawa popo, maskini. Naomba mdomo wake upakwe ulimbo, ugande. Na kuanzia leo, kumfanyia mzaha yeyote mwenye kuomba iwe marufuku!"

Ulimbo ukaletwa, mzito, unavutika. Chiriku akautazama. Mdomo ukigandishwa ataimbaje? Atakulaje? Vyura nao wakasogea mbali na Korongo.

"Una la kujitetea?" Nyati akauliza.

"Kwa mzee Korongo sina kosa. Nilisema nilichokiona," Chiriku akajibu. "Kwa Bi Popo ninalo. Nilimcheka asiye mtani wangu, tena hana pa kunijibia. Mama, nisamehe."

Bi Popo akaomba kusema. Asimame wapi sasa? Tawi hana. Akajining'iniza kwenye pembe ya Nyati, hivyo hivyo kichwa chini.

"Mzee Korongo, ahsante kwa huruma. Jana tulipopigwa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nilikuwa naomba."

"Macho wazi, au ulifumba?"

Vyura wakaangua kicheko. Nyati naye akatikisika, nusura Bi Popo aanguke.

"Jumbe," akasema, "ukimfunga huyu mdomo, kesho nani atatuambia vyura wanakwenda wapi? Usimfunge. Lakini ameniumiza, siwafichi. Mwanangu kapigwa kwa maneno yake. Tupeni tawi hapa barazani, nasi tuwe tunajibu. Na Chiriku awe mtani wetu. Atuseme, tumseme. Siku ya balaa, afike wa kwanza."

Nyati akakubali. Korongo akaondoka kwa hasira, akaukanyaga ulimbo, akaenda anaburuta majani.

Jioni ngedere hao, wamerudi na makuyu yao. "Samahani kwa harufu ya..."

"Nyamazeni!" Chiriku alikuwa katikati ya popo, kichwa chini. "Utani huo ni wangu. Mimi nimeshinda na mtoto mgonjwa, nimemtekea maji. Nyie hapa mmemtekea nani maji?"

Chiriku akapiga mbiu, chiri-chiri-chiri! Baraza zima likaja mbio, Nyati mbele. Makuyu yakaanguka moja moja, pu, pu, na ngedere wakajiondokea.

Popo wakaomba dua yao mpaka mwisho. Chiriku bado ananing'inia, macho yamemtoka.

"Mtani," Bi Popo akamwita.

"Naam, mtani."

"Naona damu yote imekushukia kichwani. Afadhali, leo kimepata kitu ndani."

Mkuyu mzima ukacheka, na yule mtoto wa bawa bovu akacheka. Chiriku hakununa. Alicheka mpaka akaanguka mtini.

Basi, wanangu, nanyi wazee: mkubwa anayejificha nyuma ya dua, msemeni, wala asiwafunge mdomo. Lakini mnyonge asiye na pa kujibia, kwanza mpe tawi, na siku ya taabu yake uwe naye. Ndipo umtanie.

Hadithi yangu imetua hapo. Uliyekalia mkeka wangu, inuka, nataka kulala.