Tuta la Mhando

Kabla babu za babu zetu hawajajua kujenga nyumba mbili zikatazamana, wakati watu wa bonde hili walipohama kila masika na vyungu vyao vichwani, alizaliwa Mhando, mwana wa Kilua mfua chuma, mwana wa Sekiteke aliyeshuka kutoka milimani. Mama yake alikuwa Mamkunde mfinyanzi, aliyemzoesha udongo kabla hajamzoesha maneno. Huyo ndiye Mhando Kifua-cha-Bonde, Mhando aliyeuambia mto upite kule, na mto ukapita.

Mto wenyewe ni Luhande, nanyi mnazijua tabia zake. Enzi hizo ulipanda kila mwaka, ukachukua mbuzi, vibanda na watoto, na watu waliporudi kiangazi walikuta matope mahali walipokuwa wameolea na kuzikia. Mhando alipoota ndevu aliwakusanya, akabeba peke yake mawe ambayo kundi la wanaume lilishindwa kuyatikisa, akayalaza yawe msingi, na juu yake wakapandisha tuta la udongo, refu kuliko mtu aliyesimama mabegani mwa mwenzake. Mto ukaja, ukaligonga, ukazunguka. Nyuma ya tuta hilo ukazaliwa mji wa Mavumo, mji wenye soko na mitaro na njia zenye majina, na Mhando akawa wa kwanza kukalia kiti chake.

Lakini udongo si mwamba. Fuko huutoboa, jua huupasua, mvua huulamba. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya masika, Mhando aliwashusha watu wa mji mzima mpaka penye tuta, wakafukua mashimo, wakayaziba kwa udongo mpya na kuukanyaga huku ngoma ikilia, naye mbele yao, matope magotini. Watu wakaliita Tuta la Mhando, wakamtungia na wimbo wa kumsifu. Alilisikia jina hilo akacheka, wala hakulikataa. Nani kati yetu angelikataa?

Miaka ikaenda, na mgongo uliobeba mawe ukapinda. Mji ukamchagua Kizenga akalie kiti. Alikuwa mtu mpole, mwenye akili, asiye na kinyongo. Msikubali mtu awaambie kwamba Kizenga alikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa desturi ambayo wazee wetu walishuka nayo milimani, kwamba kazi ya mkubwa aliyetoka kitini haiguswi na mkono mwingine. Paa lake halizibwi, shamba lake halilimwi, huachwa mpaka pori livichukue, kwa sababu kurekebisha ni kusema kwamba mwenyewe hakujua. Hatukuwa na heshima kubwa kuliko hiyo ya kumpa mtu.

Mhando aliijua. Siku ya kukabidhi kiti alisimama mbele ya umati, akasema:

"Desturi ile ilitungwa kwa paa la mtu mmoja, si kwa ukuta wa mji. Msinikumbuke mimi, likumbukeni tuta. Ninawaachia kazi isiyokwisha. Anayekuja asianze upya wala asiiache. Aendelee pale nilipoishia. Masika hayana habari kwamba kiti kimebadilika."

Vigelegele vikapanda. Watu walilia kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo hawakulisogelea tuta.

Kiangazi kilipokaribia kwisha na ngoma haijalia, Mhando alimwendea Kizenga.

"Mwanangu, fuko wameingia."

"Najua, baba. Nimewaona. Lakini nikitia jembe pale, watasema Kizenga anamsahihisha Mhando. Nitaongoza nani baada ya hapo?"

"Basi sema ni lako."

"Nani ataniamini?"

Mhando akaenda barazani, akatangaza: "Nalifuta jina langu. Liiteni la Kizenga, liiteni la mbwa, lakini likanyageni!"

Wakatazamana kwa furaha. "Msikieni baba yetu alivyo mnyenyekevu!" Wakamtungia wimbo mwingine wa kumsifu.

Basi akachukua jembe, akashuka peke yake. Mamsheko, bibi wa ukoo wa watani wake, aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia lolote, akamfuata akicheka. "Wewe kizee! Kiti kimekuponyoka makalioni, sasa unatutia aibu na jembe? Wageni watasema Mavumo hatulishi wazee wetu."

"Shuka tukanyage wote, mtani. Unitukane ukiwa matopeni."

Mamsheko aliinama, akaingiza mkono kwenye shimo, ukazama mpaka begani. Kicheko kikamwisha. "Nimeliona, babu. Ila nani ataanza?"

Hakuna aliyeanza. Vijana walikuja, wakamnyang'anya jembe kwa upole, wakambusu mikono, wakamrudisha nyumbani mabegani wakiimba.

Mwaka ule tuta lilishika, watu wakasema, mmeona? Mwaka uliofuata mto ulipitia njia za fuko. Waliokuwa wakikimbia walimwona Mhando Kifua-cha-Bonde ameegemeza mgongo penye ufa, maji yamemfika shingoni, akiita, "Udongo! Leteni udongo!" Wengine walirudi na makapu yaliyojaa, wakafika chini ya tuta, wakasimama. Hata pale, jamani, kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie. Kizenga ndiye aliyewapita wote akamwaga kapu la kwanza, nao wakamfuata, lakini tuta lilikuwa tayari linatembea. Lilimezwa pamoja na aliyelijenga. Mwili wake hatukuuona, na Mavumo haukuonekana tena.

Tuliobaki tukapanda kilima hiki, na tangu hapo tunaitwa Wana wa Mhando. Vipande viwili vya tuta bado viko kule bondeni, majani yameviota. Kila mwaka kabla ya masika tunashuka na ngoma, tunasimama mbele ya vipande hivyo, tunaimba nyimbo zote mbili, tunapanda kurudi.

Kizenga alituchimbia kisima hapa juu, kisima chenye maji baridi, naye alikizoa tope kila kiangazi mpaka uzee ukamtoa kitini. Tulimpenda sana. Kisima chake tulikiheshimu. Maji tunayateka mtoni.