Tone la Saa Hii

Wapendwa, nitasema polepole. Nina mfano mmoja tu asubuhi hii, na si mrefu.

Alikuwepo mama mmoja huko juu milimani, mahali ambapo ukungu ukishuka mwezi wa sita huweza kukaa wiki nzima. Ukungu ule mnaujua. Jua halionekani, kivuli hakuna, asubuhi inafanana na alasiri. Ng'ombe analia na hujui yuko upande gani. Jirani anakusalimu, na sauti yake inakufikia kama ya mtu unayemwota.

Mume wa mama huyu alikuwa fundi cherehani. Jicho lake moja lilikufa zamani. La pili lilipata mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji mjini, akarudi nyumbani na chupa ndogo ya dawa. Aliambiwa aweke tone moja kila baada ya saa mbili, tangu kuamka hadi kulala, kwa wiki mbili. Jicho likikosa dawa linaweza kuoza. Na hilo ndilo lilikuwa jicho la mwisho.

Basi mama alikuwa na binti wa mdogo wake, mwanamke mtu mzima aliyesomea kutengeneza programu za simu. Binti akamtengenezea moja, akamwekea.

"Mama mkubwa, ukishaweka tone, bonyeza hapa. Yenyewe itahesabu saa mbili, halafu italia."

Mama akabonyeza. Namba zikaanza kushuka, moja moja, kama maji yanavyodondoka kwenye ukingo wa bati mvua ikishakatika.

Tangu siku hiyo akaishi kwa kusikiliza. Anaweka tone, anabonyeza, anaiacha simu juu ya kabati, anakwenda kuchambua maharage. Akikumbuka anarudi, anaiinua, anatazama. Namba zinashuka. Anaridhika, anaiacha tena.

"Siku hizi unaitazama simu kuliko unavyonitazama mimi," mume akasema kutoka kitandani.

"Simu inanihesabia. Wewe umewahi kunihesabia nini?"

"Vifungo vya magauni yako, miaka arobaini."

Wakacheka. Ukungu ukawa dirishani, mweupe, haujongei. Mama aliona mchana umekuwa mrefu sana siku zile. Alidhani ni kwa sababu jua halipo.

Siku ya tano jicho likawa jekundu, linatoa machozi mazito. Wakashuka zahanati, yule binti akiwa amemshika mzee mkono. Muuguzi akaichukua ile chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa.

"Mama, mbona bado imejaa hivi?"

"Naweka kila simu ikilia."

"Jana ililia mara ngapi?"

Mama akafikiri. "Mara tatu."

"Ilitakiwa mara nane."

Binti akaiomba simu. Akabonyeza, akaacha kioo kizimike, akaketi nayo mapajani huku akiangalia saa ya ukutani. Ikapita robo saa. Akaiwasha. Katika robo saa nzima, programu ilikuwa imehesabu dakika tano tu.

"Mama mkubwa, kosa ni langu," akasema. "Kioo kikizimika, baada ya dakika chache simu inazilaza programu ili itunze chaji. Na yangu ilikuwa inalala, imeshika namba yake. Ukiiinua inaamka, inaendelea pale pale iliposinzia, kana kwamba hapo katikati hakuna kilichopita."

"Lakini kila nikiitazama ilikuwa inahesabu."

"Ndiyo. Kwa sababu uliitazama."

"Kumbe ni kama yule mlinzi wa shule yetu," mama akasema taratibu. "Mwalimu mkuu akipita, amesimama wima."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Sikupaswa kuifanya ihesabu," binti akasema. "Mwenye kulala asipewe kazi ya kuhesabu. Nilipaswa kuifanya iandike saa ya kulia, kisha iikabidhi kwa saa ya simu yenyewe. Ile hailali. Hata kioo kikiwa giza, ile inakwenda. Na programu ikiamka, jambo la kwanza iulize sasa ni saa ngapi. Nitaibadilisha leo hii."

Mama hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ameifungua chupa, na mkono mwingine ameuweka chini ya kichwa cha mumewe.

"Lala chali, baba. Siku nne, tumekosa matone matano kila siku. Ni ishirini. Nitakuwekea yote."

Muuguzi akamshika mkono. "Hapana, mama. Yaliyopita hayafidiwi. Ukiyamwaga yote kwa pamoja utamuumiza. Weka la saa hii."

"Na yale mengine?"

"Weka la saa hii."

Akaweka tone moja. Mzee akafumba jicho, na tone likateremka shavuni pamoja na machozi yake, usingeweza kuyatofautisha. Yule binti akaibadilisha programu palepale kwenye benchi. Kuanzia siku hiyo simu ililia kwa wakati wake, kioo kikiwa giza, pasipo mtu kuitazama. Jicho halikupona lote. Mzee anauona mlango, anamjua mkewe kwa umbo lake. Kutia uzi kwenye sindano hawezi tena.

Huo ndio mfano.

Sasa najua mnachosubiri. Mnasubiri niwaambie tukeshe, tusilale. Sitawaambia hivyo. Nani kati yetu anaweza? Sisi ni watu wa kuzimika. Msiba unaingia nyumbani, kioo kinakuwa giza. Mke wangu alipolala mwezi wa tatu nami nilizimika, ninyi mlioniletea chakula mliniona. Kulala si dhambi. Makosa yetu ni mawili mengine.

La kwanza, tunabaki na kazi ya kuhesabu wakati tunajijua sisi ni wa kulala. Tunahesabu miaka tuliyobakiwa nayo, ya kwetu na ya wapendwa wetu, halafu tunashangaa hesabu haikutimia. Saa ile tangu mwanzo iko mikononi mwa Mmoja asiyelala. Tumkabidhi. Hata waliokwisha kulala, saa yao ya kuamka iko kwake, haikusimama kwa sababu wao wamefumba macho.

La pili ndilo linaloniuma. Tukiamka, tunaendelea pale tuliposinzia. Ulikosana na ndugu yako mwaka ule, moyo ukalala na hasira yake. Leo umeamka unaendelea na maneno yale yale, na hukuuliza ni saa ngapi. Ndugu yako amezeeka. Anatembea kwa fimbo.

Au tunafanya kama yule mama. Tunataka kuyamwaga yote kwa pamoja. Mimi nimekuwa nikienda kaburini kila jioni kusema maneno niliyopaswa kusema miaka thelathini, moja kila siku, mezani, akiwa hai ananisikia. Ni mengi. Nimeyamwaga hadi sauti imenikauka. Wapendwa, hayaponyi. Yalikuwa ya saa zake, na saa zake zimepita, na Mungu anazijua.

Lakini saa hii nayo ina lake. Nina mwanangu mmoja. Alifiwa siku ile ile niliyofiwa mimi, na tangu mazishi sijamuuliza hata mara moja analala vipi.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha, msinitafute mlangoni. Sitakuwepo kuwapa mkono. Nitakuwa nyuma ya kanisa, nampigia simu. Na wewe ambaye umeshamkumbuka wa kwako wakati nasema haya, usiningoje nimalize. Toka taratibu, tutakupisha.